Vyuma vya Chini ya Gitaa la Meza

Gunia la viazi ndilo lililoliua gitaa la Aroni.

Ilikuwa Jumapili ya mavuno. Watu wa usharika walikuwa wameleta kanisani walichojaliwa: kuku waliofungwa miguu, maboga, madebe ya maharage, na mbuzi mmoja aliyekula maua ya madhabahuni kabla hajanadiwa. Mnadi alikuwa Anord, mzee wa kanisa mwenye ndevu za mvi na koo la tarumbeta, ambaye hupewa kazi hiyo kila mwaka kwa kuwa hajui haya. Anord alitaka gunia la viazi vya Mbeya lionekane na wote, hata wale wa mlangoni wanaojifanya hawakusikia kengele ya mnada. Akaangaza macho, akaona pembeni mwa kwaya meza nyembamba ya miguu minne iliyofunikwa kitambaa cha bluu. Akalibwaga gunia juu yake. Meza ikapiga ukelele ambao meza haipigi, miguu ikatawanyika, na gunia likalala juu ya kitu kilichoendelea kuvuma kama nyuki waliofungiwa chunguni.

Frida alisimuliwa Jumatatu asubuhi, akiwa kibarazani Mlandege, mjini Iringa, rimu ya baiskeli mapajani. Hakucheka. Walioleta habari walidhani atacheka, maana mtaa mzima unajua Aroni alimfanyia nini.

Baraza lenyewe ni la Mzee Mrisho, muuza vipuri vya baiskeli, ambaye babu yake alipanda kutoka Bagamoyo na biashara ya chumvi, akaoa huku na asirudi tena. Mzee Mrisho huuza ndani, Frida hutengeneza nje. Wamekaa hivyo miaka mingi, wakitaniana asubuhi na kunyamaziana mchana, na hakuna kati yao aliyewahi kumkosea mwenzake jambo la kukumbukwa.

Kesho yake bajaji ikasimama mbele ya baraza. Akashuka Anord, akatoa kwa shida kitu kirefu kilichofungwa kwenye shuka.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Hiyo maiti mnaipeleka wapi?"

"Tumeileta kwako ifufuke."

"Mimi ni fundi baiskeli. Wanaofufua wako kwenu kanisani."

Ndani ya duka Mzee Mrisho akakohoa, kikohozi cha mtu anayeficha kicheko.

Anord akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Mama Frida, usinikaange, nimeshakaangwa na kwaya nzima. Mwisho wa mwezi tunakwenda Mbeya, kuna mkutano wa kwaya. Bila gitaa hili sisi ni harusi isiyo na bibi harusi. Nimezunguka kwa mafundi redio, kwa mafundi magari, mpaka kwa yule anayechomelea mageti. Kila mmoja anachungulia chini yake, anafunika, ananipa pole. Aroni kasema ni wewe tu."

"Kasema lini?"

"Jana."

"Kalitaja jina langu kwa mdomo wake?"

Anord akatazama viatu vyake. "Kasema, yule wa Mlandege."

Frida akalifungua shuka.

Jina la gitaa la meza alilitoa yeye mwenyewe, zamani, na likashika. Lina nyuzi kumi na linalala chali kama mgonjwa. Mpigaji hukaa kwenye kiti mbele yake, mkono wa kushoto ukiteleza juu ya nyuzi na kipande cha chuma laini cha mviringo, na miguu ikikanyaga pedali. Lakini kazi kubwa iko chini, mahali ambapo waumini hawaoni. Ukikanyaga pedali, kikono kinageuka; kikono kinavuta chuma chembamba kirefu; chuma kinavuta mwisho wa uzi mpaka sauti inapanda, kutoka mi kwenda fa, kutoka so kwenda la, bila mkono kugusa kitu. Ukiachia, uzi unarudi nyumbani. Ndiyo maana gitaa hilo linalia kama mtu. Na vile vyuma vyembamba vya kuvuta, tangu cha kwanza hadi cha mwisho, vilitengenezwa na Frida.

Sasa vilikuwa vimekunjika kama miguu ya panzi aliyekanyagwa.

"Vinanyooka?" Anord akauliza.

"Vinanyooka kwa macho. Kwa kazi havinyooki. Chuma kikishavunjika kiuno, ukikivuta kinajikunja kwanza ndipo kivute. Uzi unafika kwenye sauti umechelewa."

Akapapasa kikono kimoja kimoja, akasikia vyote vizima. Pedali nzima. Ni vyuma tu.

*

Shule Frida hakupelekwa. Alipelekwa kwenye rimu. Baba yake alikuwa fundi baiskeli Kalenga, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume wa kumshikia gurudumu, alimshikisha binti. Akamfundisha kugonga spoki moja moja kwa ukucha na kusikiliza. Iliyolegea inasema kizee. Iliyokazwa mno inalia kama mtoto anayebanwa. Gurudumu likiwa sawa, spoki zote za upande mmoja zinaimba sauti moja. Watu wengine walijifunza a, e, i, o, u. Frida alijifunza hayo.

Aroni alikuwa Msafwa wa Uyole, Mbeya, aliyekuja Kalenga na wajenzi. Alipeleka posa, akatoa sehemu ya mahari, akamchukua. Huko Mbeya alipata kazi ya ulinzi kwa Mzungu mmoja mjenzi wa barabara aliyekuwa akipiga gitaa hilo jioni akiwa peke yake. Mzungu alipoondoka alimwachia. Lilikuwa limekaa stoo penye unyevu, vyuma vya chini vimeliwa na kutu, vingine vimekatika. Aroni alikuwa na masikio na vidole. Vyuma hakuvijua.

"Hizi si spoki tu?" Frida alisema siku ile, amelala chali chini ya gitaa.

Zilikuwa kama spoki. Akajaribu spoki za baiskeli, kwa kuwa tayari zina hesi, yale meno ya skrubu, ncha moja na nati yake ndogo. Kwa pedali za karibu zilitosha. Kwa za mbali zilikuwa fupi. Akaunganisha mbili mbili, zikapindapinda. Alihangaika msimu mzima wa mvua. Na kila alipomaliza chuma kimoja, Aroni alikaa kitini akakanyaga, yeye akalala kwenye mkeka upande wa kulia akigeuza nati. "Pandisha," Aroni alisema. "Pandisha bado. Umepita. Hapo, hapo!" Watu hupendana kwa namna nyingi. Wao walipendana kwa nati.

Na aliyewapikia siku hizo alikuwa mama yake Aroni. Huyo ndiye aliyempokea mtoto pekee wa Frida, aliyezaliwa bila pumzi. Wanawake wengine walisema hakuna haja ya kumkanda mzazi asiye na mtoto, maji ya moto yatapotea bure. Mama mkwe aliwafukuza. Akachemsha maji asubuhi na jioni, akamkanda Frida tumbo na mgongo kwa siku zote zinazotakiwa, akampikia uji wa kutoa maziwa ambayo hayakuwa na wa kuyanyonya. "Wewe umezaa," alimwambia. "Aliyezaa anakandwa." Tangu siku ile Frida hakumwita mama mkwe tena. Alimwita mama, na nusu ya pili ya neno akaisahau.

Baadaye wakahamia Iringa, Aroni akaingia kwaya, na gitaa la meza likawa sifa ya usharika. Lakini ndoa yao haikuwa imebarikiwa. Kila mwaka Aroni alisema mwakani. Wakati wa Meza ya Bwana wenzake walisimama, Frida akabaki kwenye benchi akishika pochi za majirani. Alizoea. Mtu huzoea hata kiatu kinachombana.

Kisha mama akateleza kwenye matope kule Uyole akavunjika nyonga, na Frida akapanda basi. Alimwogesha, alimgeuza kitandani, alimlisha kwa kijiko, kwanza hospitalini kisha nyumbani. Alipotaka kurudi, mama alimshika mkono. "Kaa wiki moja, mwanangu." Akakaa. Ikaja tena, "Wiki moja nyingine tu." Akakaa.

Katika wiki hizo, Iringa, Jumapili tatu mfululizo, lilitangazwa kanisani tangazo la ndoa ya Aroni na Jackline, mwimbaji wa sauti ya kwanza. Mwenye pingamizi alitakiwa aseme. Waliomjua Frida walijaa mabenchi ya mbele mpaka ya nyuma. Hakuna aliyesimama. Baadaye kila mmoja alimweleza kwamba alidhani mwingine angesimama. Aroni alikuwa ameombwa awe mwalimu wa kwaya, na mwalimu wa kwaya sharti awe na ndoa takatifu. Ya kubariki alikuwa nayo nyumbani. Akaona aanze upya.

Frida alirudi akakuta kufuli jipya, maua ya plastiki yangali yamefungwa mlangoni, na vitu vyake kwa jirani: begi la nguo, sufuria, na sanduku la zana za baba yake. Alikwenda kwa mchungaji, akaambiwa kwa upole kwamba jina lake halimo kwenye ndoa yoyote. Ni kama kumwambia mtu aliyeungua kwamba moto haukusajiliwa.

Hayo aliyameza. Alimmeza Jackline, akalimeza kufuli, akawameza wote waliokaa kimya. Jambo moja ndilo lililomkwama kooni. Je, mama alijua?

Miaka miwili baadaye mama alifariki. Frida alikwenda Uyole kwenye maziko. Hakuketi na wafiwa. Alipewa kisu akamenya viazi na wanawake wa jirani, akiwatazama watu wakimpa Jackline mkono wa pole. Akavimenya. Na tangu hapo, katika chumba chake cha kupanga, alikuwa akizungumza na marehemu. Hakuwa na wazimu. Ni kwamba mtu anayepika peke yake lazima amwambie mtu kwamba maji yamechemka. "Mama, mvua imeanza." "Mama, leo nimeletewa gurudumu, lote limekaa yai." Mama hakujibu, lakini alikuwepo. Alikuwa ndiye mtu wa pekee aliyewahi kusimama upande wake, na kusimama huko hakukuondolewa na kaburi.

Ila kama alijua. Kama ile wiki moja nyingine ilikuwa ya kumshikilia Mbeya mpaka matangazo yaishe, basi Frida amekuwa akizungumza na adui yake jikoni miaka yote hii. Na aliyebaki wa kusema ni Aroni. Frida alimpigia simu, ikakatwa. Alimsubiri nje ya kanisa, akatokea mlango wa nyuma. Akikutana naye sokoni, Aroni huvuka barabara kama aliyemwona mbwa mwenye kichaa.

Sasa gitaa lilikuwa limelala mbele yake na kiuno kimevunjika.

*

"Nitatengeneza," alimwambia Anord. "Na sitaki kitu chenu. Ila kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja akanyage, mwingine akaze. Mwambie Aroni aje akanyage."

"Si nitakanyaga mimi?"

"Wewe? Uliyoyafanya na gunia hayatoshi?"

"Mama Frida, unajua Jackline hatapenda."

"Jackline sikumwita. Nimeita mguu."

Anord alipoondoka, Mzee Mrisho alitoka akasimama mlangoni, baraghashia yake imerudi kisogoni.

"Bi Frida, mimi simo. Lakini maswali mengine ni kisima kikuukuu. Ukikifunua si lazima utoe maji."

"Nitatoa nini?"

"Nyoka."

"Basi nimjue kwa rangi, mzee. Nimechoka kukaa juu ya kifuniko."

Mzee Mrisho akatikisa kichwa. "Watu wa Kalenga. Kama chifu wenu wa zamani, mnafuata vita mpaka pangoni."

"Na nyie watu wa pwani mngekuwa mmeshaandika shairi."

"Lingekuwa zuri," akasema Mzee Mrisho, akarudi ndani.

Frida akaanza kazi. Spoki alikwisha kuziacha zamani. Alitumia waya wa kuchomelea, ule mgumu usioshika kutu, aliopewa na Kasian, mchomeleaji mstaafu aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Urefu wa kila chuma aliupima kwa uzi wa cherehani, kutoka kikono mpaka ulimi unaoshika mwisho wa uzi wa gitaa, akafunga fundo, akakata chuma kikiwa kimezidi kidogo. Anayekata sawasawa mara ya kwanza hana pa kujisahihisha. Kisha alikiviringisha juu ya kioo cha kabati la dukani. Chuma kilichonyooka kinapita kimya, kilichopinda kinagonga.

"Kioo changu hicho," Mzee Mrisho alilalamika.

"Chuma chako je, hakipindi?"

"Changu kimeshapinda, mama. Mimi ni mzee."

Ncha moja aliipunguza kwa tupa, akaibana kwenye jiliwa, akaikata hesi kwa kile chombo kidogo cha baba yake cha spoki, akigeuza nusu mbele, robo nyuma, mafuta tone. Ncha ya pili aliikunja kwa koleo iwe ndoano ya kuingia kwenye tundu la kikono. Hapo ndipo pagumu. Ndoano ikiwa legevu, pedali inagonga bila kuvuta. Ikibana, inakwama, na uzi ukishavutwa haurudi. Alivunja ndoano kadhaa, akaanza tena.

Wakati mwingine aliwaza angeweza kuacha moja na ufa mdogo, usioonekana, ili ikatike kule Mbeya katikati ya wimbo, Aroni akikanyaga hewa mbele za watu. Aliwaza hivyo kwa utamu, kama mtu anavyolamba asali ambayo hatainunua. Chuma kibovu kingemtaja aliyekikata, si aliyestahili.

"Mama, anakuja," alisema jioni moja akikoroga ugali, baada ya Anord kupiga simu. "Usikasirike. Nitamuuliza tu." Na kwa mara ya kwanza alihisi kwamba kimya cha upande wa pili kilikuwa cha mtu anayegeuza uso.

*

Aroni alikuja Jumamosi alasiri, koti la kanisani mwilini, Anord nyuma yake kama shahidi wa mdaiwa. Alikuwa amenenepa mashavu na kukonda shingo.

"Bwana Yesu asifiwe, dada Frida."

Dada. Frida aliligeuza neno hilo kinywani kama jiwe ndani ya wali. Mwanamke aliyelala naye miaka, akamtafutia sauti ya fa kwa vidole vilivyokatwa na waya, leo ni dada.

"Amina. Kaa kitini."

Gitaa lilikuwa limesimama barazani kwa miguu yake minne, nyuzi mpya, vyuma vyote vimeingia. Aroni akakaa, akashika kile chuma cha mviringo, akaweka mguu. Frida akachuchumaa upande wa kulia. Watoto wa mtaa wakasogea, Mzee Mrisho akawafukuza, kisha yeye mwenyewe akabaki.

"Pedali ya kwanza. Kanyaga mpaka mwisho."

Akakanyaga, akapiga uzi. Sauti ikapanda, ikaishia njiani.

"Pandisha," alisema Aroni.

Frida akageuza nati.

"Bado."

Akageuza.

"Umepita kidogo. Rudisha. Hapo."

Wakaenda hivyo, uzi baada ya uzi, so ikafika la, mi ikafika fa. Mikono ilikuwa inakumbuka kilichokatazwa moyo kukumbuka. Aroni alianza kulegea mabega. Kwenye pedali ya pili alitabasamu kabisa, akasahau alipo, akasema, "Aisee, hii ni tamu kuliko ya zamani." Anord akasema amina kana kwamba yuko ibadani.

Ikabaki pedali ya tatu.

"Kanyaga," Frida akasema. "Usiachie."

Aroni akakanyaga. Frida akaishika nati kwa vidole viwili bila kuigeuza.

"Aroni. Nilipokuwa Uyole namuuguza mama, matangazo yakisomwa huku. Mama alijua?"

Uzi ulikuwa bado unalia kidogo.

"Dada Frida, mambo hayo yamepita. Tumeyakabidhi kwa Mungu."

"Mungu sijamuuliza. Nakuuliza wewe. Usiachie pedali."

"Mbele za watu?"

"Matangazo yalisomwa mbele za nani?"

Mzee Mrisho alikuwa anatazama barabarani, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Aroni akapangusa paji la uso kwa mkono ulioshika chuma. Alipoanza kusema, sauti yake haikuwa ya mwalimu wa kwaya tena. Ilikuwa ya yule mlinzi wa Mbeya. "Alijua."

"Tangu lini?"

"Tangu tangazo la kwanza. Nilimpigia nimwombe baraka. Ulikuwa umekwenda kisimani."

"Akakupa?"

"Alilia. Alinitukana, Frida. Alisema mimi si mwanawe. Alisema angekuita palepale akwambie. Halafu akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Akasema, usimwambie. Akijua ataondoka, na mimi nani atanigeuza kitandani?"

Frida alikuwa bado ameishika nati.

"Akasema nisubiri mpaka aweze kusimama. Jackline hakutaka kusubiri. Ndipo mama akakuomba wiki ile nyingine. Na nyingine. Alikupenda, Frida. Haki ya Mungu alikupenda. Lakini nyonga ilikuwa inamuuma."

Bodaboda ilipita na kuku kwenye kapu. Mtu mmoja akampungia mkono Mzee Mrisho, hakupungiwa.

Kama Aroni angesema mama alimchukia, ingekuwa nafuu. Chuki ina mpini, unaweza kuishika. Frida aliona mikono yake mwenyewe ikimgeuza mama yule ubavu, mto ukiwekwa chini ya goti, na mama akimtazama kwa macho yenye machozi ambayo yeye aliyadhania ya maumivu na ya shukrani. Yalikuwa ya maumivu na ya shukrani. Hapo ndipo ubaya ulipo. Aliyemkanda Frida alipokuwa hana mtoto, ndiye aliyemficha habari ili naye akandwe.

"Inua mguu," alisema.

"Bado hatujamaliza hii ya—"

"Inua mguu, Aroni. Toka kitini."

Aroni akatoka. Frida akasimama, magoti yakalia, akaenda mlangoni mwa duka, akanyanyua lile tofali la saruji linalozuia mlango usibamizwe na upepo. Akalileta, akaliweka juu ya pedali ya tatu. Pedali ikashuka mpaka mwisho, ikatulia. Akagonga uzi kwa ukucha, akasikiliza, akageuza nati robo. Akagonga tena.

Anord akakodoa macho. "Eh! Kumbe tofali linatosha?"

"Linatosha."

"Sasa si ungesema tangu mwanzo? Mwenzako nimemsihi huyu siku nne!"

"Tofali halina la kunijibu," Frida akasema, na akaendelea.

Aroni alisimama ukingoni mwa baraza akivuta kola ya koti. Mara mbili alijaribu kusema jambo, mara mbili akaona mgongo wa Frida haugeuki. Mwisho akasema atawatangulia, akavuka barabara, safari hii taratibu, kama mtu asiyekimbia kitu.

Frida alimaliza pedali ya tatu, akapitia tena ya kwanza na ya pili. Akaondoa tofali akasikiliza kama nyuzi zinarudi zilikotoka. Zilirudi. Akalifunga gitaa kwenye shuka, akalipapasa Anord alipolibeba, kama mtu anavyompapasa ng'ombe anayeuzwa.

"Mbeya utakuja kutusikiliza?" Anord aliuliza, tayari akiwa kwenye bajaji. "Nafasi ipo kwenye basi la kwaya. Nitawaambia mwenyewe, na atakayekataa nitamnadi."

Frida alimtazama, karibu acheke. "Wewe Anord. Angalia tu msije mkaweka sufuria ya wali juu yake huko."

"Nani? Mimi? Nimeacha hata kukaa karibu na meza."

Bajaji ikaondoka. Mzee Mrisho akalirudisha tofali mlangoni kwa mguu. Hakusema nilikwambia, kwa hilo Frida atamheshimu mpaka mmoja wao azikwe.

"Nyoka?" aliuliza tu.

"Hapana, mzee. Ni kikongwe tu aliyeogopa kulala upande mmoja."

Mzee Mrisho akafikiri. "Basi hilo ni baya zaidi."

"Ndiyo," akasema Frida.

Alifunga sanduku la zana mapema. Jua lilikuwa bado juu ya milima alipofika chumbani kwake. Akawasha mkaa, akateka maji, akabandika sufuria, akakaa kwenye kigoda chake akipepea. Maji yakaanza kusema chini, kisha yakachemka na kuinua kifuniko. Frida akafungua mdomo.

Akaufunga. Akachukua unga, akautia kwenye maji kimya kimya, akakoroga ugali wa mtu mmoja.